Mwisho Mpya wa Tanzia Huanzia Tendo la Kwanza

Kabla Shakespeare hajaigusa, hadithi ya Mfalme Lear ilikuwa na mwisho wa heri. Katika tamthilia ya King Leir iliyochapwa London mwaka 1605, mzee anasaidiwa na binti yake mdogo, waovu wanapigwa vitani, na mfalme anarudi enzini. Aliyemnyonga binti na kumuua baba kwa uchungu ni Shakespeare. Mtazamaji wa siku zile aliyeingia ukumbini akiijua hadithi alitoka amebadilishiwa mwisho, na hakuna aliyemwonya mlangoni.

Euripides, mtunzi wa tanzia wa Ugiriki ya kale, alifanya jambo la aina hiyo karne nyingi kabla yake. Zilikuwapo simulizi ambamo watoto wa Medea waliuawa na watu wa Korintho. Yeye akalipeleka jukwaani Athens, mwaka 431 K.K., toleo ambamo mama mwenyewe anashika upanga, akaambulia nafasi ya tatu kati ya washindani watatu. Kwa hiyo ile hoja kwamba mwisho wa tanzia kongwe ni mali takatifu isiyoguswa mimi huipita bila kusimama. Wakongwe wenyewe waliugusa. Kinachonishughulisha ni jambo jingine: kwa nini miisho mipya mingi hupwaya hata pale wazo lake lilipokuwa zuri? Mara nyingi sababu ni moja tu. Mwongozaji amebadili dakika tatu za mwisho, na kuziacha saa mbili na nusu za mwanzo zikiahidi kitu kingine kabisa.

Ufundi wa Tate

Nahum Tate hutajwa kama kichekesho. Mwaka 1681 aliitengeneza upya Mfalme Lear: Lear anaishi, na Cordelia, yule binti yake mdogo, anaishi na kuolewa na Edgar, mwana wa mkuu Gloucester. Toleo hilo lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa karibu karne moja na nusu. Samuel Johnson, aliyetoa chapa yake ya Shakespeare mwaka 1765, alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza kiasi cha kutothubutu kuzisoma tena kurasa zile mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Mwigizaji Edmund Kean aliurudisha mwisho wa huzuni mwaka 1823, na mwaka 1838 William Charles Macready akamrudisha pia yule chale wa mfalme, ambaye Tate alikuwa amemfuta kabisa.

Cheka ukitaka, lakini itazame kazi ya mikono yake. Tate hakungoja tendo la tano. Alijua kwamba ikiwa Cordelia ataokoka, hadhira iwe imekwisha kumwazia maisha ya baadaye. Katika Shakespeare, Cordelia na Edgar hawasemezani hata neno moja mchezo mzima. Tate akawafanya wapendanao tangu onyesho la kwanza, na papo hapo akapata sababu mpya ya binti kumjibu baba kwa ukavu: hataki kuozwa kwa mposaji wake, Burgundy. Mfalme wa Ufaransa, ambaye katika Shakespeare ndiye anayemwoa, akaondolewa, maana asingekuwa na kazi.

Halafu gerezani. Katika Shakespeare, Lear anaingia na maiti mikononi, na katikati ya kilio anasema alimuua yule mtumwa aliyekuwa akimnyonga mwanawe. Tendo hilo hatulioni. Tate alilichukua neno hilo moja, akalileta mbele ya macho, akalisogeza nyuma dakika chache: mzee ananyakua upanga, anaangusha wawili, na Edgar na Albany, mkwe wa mfalme, wanafika kabla kamba haijakaza. Hakushusha muujiza kutoka mbinguni. Alitumia kilichokuwamo.

Kilichotoka hapo ni tamthilia nyepesi kuliko ya Shakespeare, sibishi. Lakini inasimama kwa miguu yake, na ilisimama hivyo kwa vizazi.

Upande wa pili yuko Peter Brook. Toleo lake la 1962 kwa Royal Shakespeare Company, Paul Scofield akiwa Lear, halikumfufua mtu wala kuongeza kifo. Brook alitumia mkasi. Baada ya Gloucester kung'olewa macho, wapo watumishi wanaokwenda kumtafutia kitani na ute wa mayai wampake usoni, akawakata. Yupo Edmund, ndugu mwovu wa Edgar, anayetaka kutenda jema moja kabla ya kufa, nalo akalikata. Wanaokufa ni wale wale, ila ule utu mdogo uliokuwa umebaki duniani umeondolewa, na mwisho unakuwa baridi kama chuma. Na alikuwa na pa kushikia: watumishi wale wamo katika chapa ya 1608, lakini hawamo katika ya 1623.

Hapo pana somo ambalo waongozaji wengi huliruka. Chapa hizo mbili za Lear hazimaliziki sawa. Katika ya 1608 maneno ya mwisho wa mchezo yamepewa Albany. Katika ya 1623 yamepewa Edgar. Katika ya 1623, Lear anakufa akiwaambia watu watazame midomo ya Cordelia, kana kwamba ameona pumzi. Katika ya 1608 mistari hiyo haipo. Basi kabla hujaandika neno lako hata moja, ziweke chapa mbili kando kwa kando. Huenda mwisho unaoutafuta umelala humo tayari, na hutahitaji kuushona.

Kuhesabu madeni

Tuichukue Romeo na Juliet, kwa kuwa ndiyo inayochezewa kuliko zote. Onyesho la kaburini lina mistari kama 310. Romeo anakufa karibu na mstari wa 120. Juliet anaamka karibu na wa 148 na kujichoma karibu na wa 170. Kwa mwendo wa kawaida wa jukwaani, mistari 1,000 ya Shakespeare huchukua takriban saa moja. Kwa hiyo kati ya pumzi ya mwisho ya Romeo na neno la kwanza la Juliet pana chini ya dakika mbili, na wote wawili wakishakufa zimebaki dakika nane hivi za walinzi, wazazi, na Padri Laurence anayeahidi kusema kwa ufupi kisha anasema mistari kama 40 kueleza mambo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Dakika mbili hizo ndizo zilizowatia watu tamaa. Thomas Otway, alipoihamishia hadithi hii Roma ya kale mwaka 1679, alimwamsha msichana kabla mpenzi wake hajakata roho. David Garrick akaifuata njia hiyo mwaka 1748 na kuandika mazungumzo ya mistari kama 75 kaburini. Hakumwokoa mtu, alirefusha tu kufa, na waigizaji wakampenda kwa hilo kwa miaka mingi.

Sasa tuseme unataka Juliet aishi. Chukua daftari na usome mchezo kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kila mstari unaoahidi kifo uandike kama deni, pamoja na jina la anayeusema. Dibaji ya mistari 14 inatangaza waziwazi kwamba wapenzi watajitoa uhai. Romeo, kabla hajaingia karamuni, anahisi kwamba usiku ule utaanzisha jambo litakalomalizika kwa kifo chake. Padri anaonya kwamba furaha kali huishia kwa ukali. Juliet, akimtazama Romeo akishuka kutoka chumbani kwake, anamwona kama maiti chini ya kaburi. Ukimaliza utakuwa na orodha ndefu kuliko ulivyodhani.

Kila deni lina njia tatu. Unaweza kulifuta. Unaweza kulilipa kwa sarafu nyingine: kaburi lile likawa ndoa na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, au uhamisho, au kimya cha miaka. Au unaweza kuliacha liwe uongo, na hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu uongo jukwaani lazima uwe na mwenyewe. Dibaji ikibaki na Juliet akaishi, ni nani aliyetudanganya mwanzoni, na alitaka nini? Mpe dibaji Mtawala wa Verona, au mama yake Juliet, na ghafla una mtu mwenye masilahi katika vifo hivyo. Mwachie msimulizi asiye na uso, na hadhira itadhani umesahau kuikata.

Baada ya ahadi, hesabu maiti. Watu huwakumbuka wawili, na wako sita. Mercutio, rafiki wa Romeo, na Tybalt, binamu ya Juliet, wanakufa mchana kweupe. Mama yake Romeo anakufa kwa majonzi na tunaarifiwa kwa mstari mmoja. Paris anauawa na Romeo pale pale kaburini. Matoleo mengi humkata Paris kuokoa muda, lakini ukimwacha na Romeo naye akaishi, kijana wako wa mapenzi anatoka makaburini akiwa ameua watu wawili, Tybalt na Paris, na wa pili ni jamaa ya Mtawala. Nani atamwacha apite langoni? Amua habari za Paris kwanza, mengine yatafuata.

Halafu kuna amani. Wakuu wa koo mbili wanashikana mikono juu ya miili ya watoto wao. Ukiwaondoa watoto katika kifo, umeondoa sababu ya mikono kushikana. Miisho mingi ya furaha hufia hapo: wazazi wanapatana kwa sababu muda wa onyesho umekwisha.

Ukitaka kuingilia, ingilia penye bawaba. Barua ya Padri haikufika kwa kuwa mjumbe alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Dawa ya usingizi anayokunywa Juliet imepimiwa saa 42. Na Romeo, akiwa Mantua, anasimulia ndoto aliyoota kwamba mkewe alimkuta amekufa, akambusu, akafufuka. Ndoto hiyo imekaa kwenye maandishi tangu siku ya kwanza, na wengi huisoma kama kejeli tu ya majaaliwa. Mwongozaji anayetaka mlango wa pili ana mlango huo. Huhitaji tabibu anayetokea gizani na dawa ya kutapisha.

West Side Story ya 1957, Romeo na Juliet iliyohamishiwa kwa magenge ya New York, ndiyo ninayoiona kuwa imelipa madeni vizuri zaidi. Tony anakufa kwa risasi ya Chino. Maria anaichukua bastola, anawaelekezea wote, anauliza imebaki risasi ngapi, kisha hawezi kufyatua. Anaishi. Makundi mawili yanaubeba mwili pamoja, si wote, baadhi yao. Kuishi kwa Maria ni kuzito kuliko kisu cha Juliet, na amani inayopatikana ni ya wasiwasi, kama amani za kweli.

& Juliet, muziki ulioanzia Manchester mwaka 2019 na kufika Broadway mwaka 2022, umepita njia rahisi zaidi, nami siulaumu: unaanzia pale Romeo ameshakufa, Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, ananyakua kalamu, na Juliet anaanza safari mpya. Ukianza baada ya mwisho, mengi ya madeni ya zamani hayakuhusu.

Fat Ham ya James Ijames, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2022, inafanya kazi ngumu zaidi. Ni Hamlet iliyohamishiwa kwenye sherehe ya nyama choma ya familia Weusi kusini mwa Marekani. Mzimu wa baba unamdai Juicy, Hamlet wa humu, kisasi, na Juicy tangu mapema ni mtu ambaye ukatili haumkai mwilini. Anazungumza na hadhira, anajua yumo ndani ya hadithi ya aina gani. Kwa hiyo baba wa kambo, Rev, anapokufa kwa kukabwa na nyama, na waliobaki wakaulizana kama ni lazima nao wafe, swali hilo halijadondoka kutoka juu. Tumekuwa tukiliandaa tangu mzimu ulipotokea. Wanakataa kufa, na kukataa kwao kunaaminika.

Anayebaki kusimulia

Kuna mbinu isiyogusa vifo vikuu kabisa. Ingmar Bergman, katika Hamlet yake ya Stockholm ya 1986, alimwacha Hamlet afe kama kawaida. Kisha Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norway, akaingia na askari wenye bunduki na muziki wa kelele, na Horatio, yule aliyeombwa abaki hai aieleze habari ya rafiki yake kwa haki, akatolewa nje na kupigwa risasi. Mtu mmoja tu ameongezeka kwenye hesabu, na ombi la mwisho la Hamlet limebatilika. Habari itasimuliwa na mshindi.

Waongozaji wengine humkata Fortinbras kwa sababu Hamlet nzima hukaribia mistari 4,000 na hakuna mwenye saa nne. Kata, lakini ujue unachopoteza. Jukwaa la Shakespeare halikuwa na pazia la mbele. Miili minne imelala hapo: Hamlet, Claudius, Gertrude, Laertes. Fortinbras anaamuru maiti ziinuliwe, na hivyo ndivyo waigizaji wanavyotoka jukwaani bila kufufuka mbele ya watu. Ukimwondoa unategemea taa kuzimwa, na ukumbi ambao taa za mlango wa dharura zinamulika sakafu utawaonyesha watu wafalme wakitambaa kwenda nyuma.

Medea na tatizo la kimo

Katika Euripides, Medea anatokea juu kabisa, kwenye gari la babu yake Jua, na miili ya watoto anayo. Jason, mumewe aliyemwacha, yuko chini. Anaomba amguse mwanawe hata mara moja, ananyimwa. Aristotle alilalamika kwamba njia hiyo ya kutoroka haikuzaliwa na hadithi yenyewe, na matoleo mengi ya leo yanalifuta gari kwa sababu linachekesha.

Kisha tatizo linajitokeza kwenye wiki ya tatu ya mazoezi: Medea na Jason wamesimama kwenye sakafu moja, hatua tatu kati yao, na mwanamume mwenye nguvu ambaye watoto wake wameuawa hivi punde anabaki kutoa hotuba. Kwa nini hamshiki? Mwigizaji wa Jason atauliza, na ana haki. Gari lile lilikuwa jibu la swali hilo. Halikuwa pambo.

Ukiliondoa, tafuta kizuizi kingine chenye nguvu ile ile. Kimo bado ndicho bora: ngazi au roshani ya mita mbili na nusu au zaidi, ambayo Jason hawezi kuifikia kwa kuruka. Kioo hufaa, mradi vipaza sauti viwekwe nyuma yake, la sivyo nusu ya maneno itapotea. Maji hufaa. Mlango uliofungwa kwa ndani unafaa mpaka mtu aukumbuke mguu wake. Au kubali kwamba anamfikia, na uandike upya mabadilishano yote ya mwisho, kwa sababu mistari ya Medea pale imeandikwa kwa sauti ya mtu asiyeguswa.

Damu ya kunywa

Kuna tanzia ambazo mwisho wake umepotea kweli. Bacchae ya Euripides ina pengo katika maandishi ya mkono yaliyotufikia, baada ya mstari wa 1329 hivi, mahali Agave anapomlilia mwanawe aliyemrarua kwa mikono yake. Kila anayeipandisha jukwaani analazimika kubuni, apende asipende.

Wole Soyinka, katika toleo lililochezwa na National Theatre ya London mwaka 1973, alilijaza pengo hilo na kupita mbali. Kichwa cha Pentheus, mwana huyo wa Agave, kinaanza kutoa kimiminika chekundu, watu wanadhani ni damu, mtabiri Tiresias anaonja na kusema ni divai. Kisha wanakunywa, Agave akiwemo. Msiba unageuka karamu ya jamii nzima, na jina la pili la tamthilia lilikuwa limelitangaza hilo tangu jalada: ibada ya ushirika.

Kiufundi, hapa ndipo mafundi wa vifaa hupata jasho. Damu ya jukwaani ina aina mbili kuu. Yenye sabuni ndani yake hutoka kirahisi kwenye maleba, lakini haiwezi kutiwa mdomoni. Ya shira hunyweka, ila inanata na kuacha doa. Ya kunyweka unaweza kuipata kwa shira nyepesi ya sukari mililita 500, rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai, na kakao vijiko viwili vya chai vilivyokorogwa kwanza kwenye maji moto kidogo ili isifanye madonge. Bila kakao, chini ya taa kali, inaonekana ya waridi kama kinywaji cha watoto. Ikipitishwa kwenye bomba, izimue kwa maji kiasi cha robo yake na uichuje kwa kitambaa, maana donge moja la kakao linatosha kuziba bomba la milimita sita. Isafishe kwa maji ya moto kila baada ya onyesho; sukari ikikaukia ndani, kesho hakuna muujiza. Na sakafu ipigwe deki kabla ya waigizaji kuja kusalimia, kwa sababu shira chini ya miguu mitupu huteleza kwanza, kisha hunasa.

Bastola iliyogoma

Januari 2018, Florence, mwongozaji Leo Muscato alibadilisha mwisho wa opera ya Carmen. Badala ya Don José kumchoma Carmen kisu, Carmen anamnyang'anya bastola na kumpiga. Wazo lilikuwa kupinga watu kupiga makofi baada ya kutazama mwanamke akiuawa. Usiku wa ufunguzi, bastola haikulia.

Nitazungumzia bastola kwanza. Silaha ya jukwaani inayotoa mlio bila risasi hugoma: baruti imepata unyevu, kipigio kimechafuka, mwigizaji hakuvuta mpaka mwisho. Kwa hiyo mlio wa mauti usitegemee chombo kimoja. Desturi ya zamani ni kuweka bastola ya pili pembeni mwa jukwaa mkononi mwa mtu wa silaha, ambaye huifyatua mara asikiapo kimya. Njia nyingine ni mlio kutoka kwenye spika, na fundi sauti afuate mkono wa mwigizaji, asisubiri kusikia kitu. Wakubaliane mapema: ikigoma mara mbili, hakuna kuvuta mara ya tatu, na anayepaswa kufa afe kwa njia iliyozoezwa. Mdomo wa bastola usielekezwe mwilini hata siku moja. Hata bila risasi hutoa gesi ya moto na chembechembe. Elekeza pembeni, na pembe ya macho ya hadhira itamaliza kazi.

Lakini hata ingelia, ningebaki na swali. Maneno ya mwisho ya opera hiyo ni ya Don José, akikiri kwamba ndiye aliyemuua Carmen na kuliita jina lake. Muziki umejengwa juu ya ungamo hilo. Ukigeuza mwelekeo wa risasi bila kugusa maneno, mtu anakufa huku akikiri kosa alilotendewa. Na kuna jambo la kusikitisha zaidi: ufa wa kuingilia ulikuwapo. Katika tendo la tatu Carmen anapiga karata, na karata zinasema kifo, yeye kwanza kisha José, wote wawili. Toleo linalotaka kumnusuru lingeanzia mezani pale, kwenye karata anazozichanganya tena na tena. Angeweza kuzitupa. Angeweza kumkuta mwenzake akizipanga. Onyesho moja likibadilika hapo, risasi ya mwisho ina mzazi.

Kabla hujabadili, uliza ni ya nani

Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, yuko huru. Mfasiri wako huenda hayuko. Tafsiri iliyotoka miaka 30 iliyopita ina mwenyewe, na mkataba wa kawaida wa maonyesho unakataza kukata, kuongeza au kupanga upya bila ruhusa ya maandishi. Mkataba wa Bern unalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 angalau. Nchi nyingi zimefika 70. Arthur Miller alikufa mwaka 2005, basi fanya hesabu kabla ya kumwokoa Willy Loman, mhusika mkuu wa Death of a Salesman yake. Ufaransa, haki ya mtunzi ya kuheshimiwa kwa kazi yake haina mwisho kabisa.

Ibsen aliyajua machungu ya upande wa pili. Nyumba ya Mwanasesere ilitoka mwaka 1879, na mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, akakataa kumcheza mama anayeacha watoto. Kazi ya Ibsen haikuwa na ulinzi wa kisheria huko. Akaona heri auharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na mwingine: akaandika mwisho ambamo Nora anaburutwa hadi mlangoni kwa watoto, anaishiwa nguvu, anabaki. Aliuita unyama, hadharani. Mwaka 2002, Berlin, mwongozaji Thomas Ostermeier akaenda upande wa pili kabisa: Nora wake anampiga mumewe Helmer risasi na mwili unaangukia kwenye tangi la samaki. Kuliko miisho hiyo miwili, mlango anaoufunga Nora akiondoka katika mwisho wa kwanza wa Ibsen ndio wenye kelele zaidi, kwa maoni yangu.

Wiki za mazoezi

Onyesho la mwisho ndilo huzoezwa kidogo kuliko yote. Mazoezi huanza ukurasa wa kwanza, muda unakatika, na tendo la tano linapata siku mbili za haraka kabla ya taa kufungwa. Kwa mwisho wa kawaida hilo ni hasara. Kwa mwisho mpya ni kifo. Dakika 20 za mwisho zifike sakafuni wiki ya pili, hata kama waigizaji wanashika karatasi, kwa sababu zitakurudisha kwenye orodha ya madeni na utagundua matatu zaidi.

Ukiongeza onyesho baada ya mahali watu wanapotarajia mwisho, usizime taa hapo. Giza husomwa kama ruhusa ya kupiga makofi, na makofi yakishaanza huwezi kuyarudisha. Acha kitu kiendelee ndani ya sekunde mbili: sauti, hatua za mtu, mlango. Giza litunze kwa mwisho wako wa kweli: shikilia picha sekunde nne au tano, kisha zima kwa mkupuo. Maiti zilazwe tumbo likiwa upande wa nyuma ya jukwaa, maana kifua cha mtu aliyetoka kupigana kwa upanga hakitulii chini ya dakika mbili.

Waite watu wasioijua hadithi waje kwenye mazoezi ya mwisho, kumi wanatosha. Usiwaulize kama wamependa. Simamisha mchezo kabla ya tendo la mwisho na uwaulize wanadhani nani atakufa na kwa nini. Wajuzi watakushangilia kwa mshangao, lakini mshangao wao umetokana na kitabu walichosoma shuleni. Hawa kumi wanaona ulichokiweka jukwaani peke yake, na wakitaja kwa pamoja kifo ulichokwisha kukifuta, kuna deni limebaki mahali fulani.

Na kama huwezi kuchagua, kuna mfano wa James Howard, ambaye katika karne ya 17 aliitengenezea Romeo na Juliet mwisho wa heri, ukumbi ukawa unacheza siku moja tanzia, siku ya pili heri. Inawezekana hata leo, ila hesabu gharama: orodha mbili za ishara za taa na sauti, meza mbili za vifaa zenye alama za rangi tofauti, na zoezi la dakika 15 la mwisho husika kila jioni kabla ya milango kufunguliwa. Bila zoezi hilo, usiku fulani Juliet atalala kufa huku Romeo amesimama akingoja kuondoka naye.